Je, wajua? Kwa nini redio ya setilaiti ilikuwa bubu chini ya manjanja (paa la mabati)

Mtu wa Goma aliyepata redio ya setilaiti mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikutana na kioja mapema sana. Redio ya FM ya bei rahisi ilikuwa ikisema vizuri pale mezani sebuleni. Hii nyingine ya ghali, yenye skrini na kibao cha antena, ikiwekwa kwenye meza ileile ilikaa kimya. Ukiitoa uani, ukailaza juu ya jiwe la volkeno, kibao kikitazama mbingu, inaanza kusema bila mkwaruzo hata mmoja. Kwa nini?

Jibu ambalo wengi wangekupa hadi leo ni kwamba setilaiti iko juu, basi redio nayo ipandishwe juu: orofani, kilimani, kwenye mti ikibidi. Ni jibu lenye mantiki na limetokana na uzoefu wa miaka mingi. Kasoro yake ni moja tu: si kweli.

Kwa kifupi, redio tunayoizungumzia ni ya WorldSpace, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1990 na Noah Samara, mzaliwa wa Addis Ababa. Setilaiti yake ya Afrika, AfriStar, ilirushwa tarehe 28 Oktoba 1998 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikawekwa juu ya ikweta kwenye longitudo ya digrii 21 mashariki. Vipokezi vya kwanza vilitengenezwa na Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo. Oktoba 2008 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni, na huduma haikudumu sana baada ya hapo. Kwa hiyo ukikiona kipokezi cha namna hiyo kwa fundi wa mtaa wa Birere, Goma, leo, usitegemee kipate chochote kutoka angani. Vingi vina FM na masafa mafupi pia, na huko vitasema.

Turudi kwenye lile jibu la kupanda juu, maana halikuzuka hivihivi. Mawimbi ya FM husafiri karibu mstari mnyoofu na mnara wake umesimama ardhini. Kati yako na mnara panaweza kuwa na kilima, jengo, au mkunjo wa ardhi ya lava. Ukipanda, unakiruka kizuizi. Ndiyo sababu minara husimikwa vilimani, na ndiyo sababu mtu aliye bondeni husogea mpaka mahali anapouona mnara. Angalia lakini: hata kwenye FM, kilichosaidia hakikuwa kuikaribia mbingu. Kilichosaidia ni kuondoa kilichokaa katikati. Watu waliikariri kanuni, sababu yake wakaiacha njiani, kisha wakaipeleka kanuni hiyo kwenye chombo kisichohusika nayo.

Hesabu inaonyesha jinsi isivyohusika. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Nyiragongo, volkeno iliyo jirani, kiko mita 3,470. Aliyepanda na redio yake mpaka kwenye ukingo wa kreta amejiinua kilomita mbili hivi. AfriStar ilikuwa karibu kilomita 35,900 kutoka Goma. Nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo zile kilomita mbili zinamwongezea msikilizaji sehemu moja hivi katika elfu tisa ya nguvu aliyokuwa nayo nyumbani. Hakuna sikio wala skrini itakayoiona tofauti hiyo. Amepata baridi kali, na ziwa la lava kama siku hiyo lipo.

Kosa hilo lina ndugu yake: kufunga waya mrefu kwenye antena. Kwenye masafa mafupi waya husaidia kweli, kwa sababu wimbi lenyewe lina urefu wa makumi ya mita. AfriStar ilitangaza kati ya megahezi 1,467 na 1,492, ambako wimbi moja lina urefu wa sentimita 20 tu. Kibao kile kidogo kilikatwa kwa kipimo cha wimbi hilo. Ukikifunga waya wa mita tano hukiongezei nguvu, unakiharibia kipimo.

Sasa, setilaiti yenyewe ilikuwa upande gani wa mbingu? Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta huizunguka dunia mara moja kwa saa 23 na dakika 56, sawasawa na muda ambao dunia hujizungusha yenyewe. Kwa hiyo ukiitazama kutoka ardhini haihami. Ukielekeza antena mara moja, imetosha mpaka mtoto aigonge. Goma iko longitudo ya digrii 29 na kidogo mashariki, latitudo isiyofika digrii mbili kusini. Ukipiga hesabu ya pembe unapata kwamba AfriStar ilisimama digrii 80 kutoka kwenye upeo wa macho, ikiinama kidogo upande wa magharibi. Bukavu ni vivyo hivyo. Lubumbashi, iliyoteremka kusini zaidi, iliiona kwenye digrii 74 hivi, ikiinama kaskazini kuelekea magharibi. Mtu wa Cape Town alibaki na digrii 50. Miji hii yetu mitatu, kwa maneno mengine, ilikuwa karibu chini ya setilaiti moja kwa moja.

Hapo ndipo penye utamu wa jambo hili. Fikiria beseni la kukinga mvua, chombo ambacho Goma hakihitaji maelezo, kwa kuwa maji huzama upesi kwenye lava na mvua ya paani ni mali. Mvua inaposhuka wima, beseni lililolala kifudifudi halipati kitu, lililosimama kwa ubavu linapata matone machache, na lililotazama juu linapata mdomo mzima. Kibao cha antena kiko hivyo: kinachohesabika ni upana wa uso kinaouonyesha kule mawimbi yanakotoka. Kwa kuwa huku kwetu mawimbi yalishuka karibu wima, kibao kililazwa chali na kazi ikaisha. Kosa la digrii kumi hupunguza mdomo wa beseni kwa sehemu isiyofika mbili katika mia. Mtu wa Cape Town, ambaye "mvua" yake ilishuka kwa mshazari mkubwa, alilazimika kuliinamisha beseni na kutafuta upande.

Na kama ilivyo kwa mvua, beseni halijazwi zaidi kwa kupelekwa kilimani. Linajazwa kwa kutolewa barazani.

Mfano huu una mpaka wake. Mvua hupenya manjanja yenye matobo, na tone lolote linaloingia ni faida. Mawimbi ya sentimita 20 hayajali tundu la msumari. Bati kwao ni ukuta, yanadunda na kurudi yalikotoka. Mbao kavu huyapitisha kwa kiasi, kwa hiyo nyumba ya mbao si tatizo kwa sababu ya kuta zake. Tatizo liko juu ya kichwa.

Ndiyo maana ushauri wa kawaida, ule wa kuiweka redio karibu na dirisha linalotazama setilaiti, ulifaa kwingine kuliko kwetu. Chukua dirisha ambalo juu yake ni mita mbili kutoka sakafuni, na meza ya sentimita 80. Mawimbi yanayoingia kwa pembe ya digrii 80 hushuka mita tano na zaidi kwa kila mita moja yanayosogea ndani. Kutoka juu ya dirisha mpaka kimo cha meza ni mita 1.2, kwa hiyo yataingia chumbani sentimita 21 tu kabla ya kufika kimo hicho. Hapo nimechukulia kwamba dirisha linatazama magharibi na paa halijatokeza nje. Weka upenu wa nusu mita, kama nyumba nyingi zinavyokuwa, na hata kizingiti cha dirisha kimebaki kwenye kivuli. Mtu wa Cape Town mwenye dirisha la kaskazini, na meza kama hiyo, angepata karibu mita nzima. Hili ndilo linalonifurahisha: kadiri ulivyokaa chini ya setilaiti ndivyo ilivyokuwa rahisi kuelekeza antena, na ndivyo nyumba yako ilivyokuwa mahali pabaya pa kusikilizia.

Dawa ilikuwa kuitoa antena, si redio. Kwenye aina kadhaa kibao kiling'oka na kuunganishwa kwa kebo. Kiliwekwa juu ya manjanja yenyewe au kwenye nguzo ya ua, na redio ikabaki sebuleni na wenye nyumba. Kukizungusha kibao kama usukani, kule na huku, hakukubadilisha kitu, kwa sababu mawimbi yenyewe yalikuja yakijizungusha. Kilichobadilisha ni kukiinamisha.

Kuna jambo lililowachanganya hata waliokwisha kukubali kutoka nje. Kwenye FM au masafa mafupi unatafuta kituo kwa sikio: mkwaruzo, kisha sauti ya mbali, kisha sauti yenyewe. Redio ya setilaiti ni ya dijitali, haina mkwaruzo wa kukuongoza. Inapokea tarakimu, inasahihisha zilizoharibika mpaka kiwango fulani, na zikizidi kiwango hicho inanyamaza. Kwa hiyo mtu aliyekosea kidogo na mtu aliyekosea kabisa walisikia kitu kimoja, yaani hakuna. Aliyekuwa na haraka aligeuza antena kila baada ya sekunde moja na kuipita sehemu sahihi bila kujua, kwa kuwa kipokezi kilihitaji muda kidogo kuyashika mawimbi na kuanza kuyafumbua. Utaratibu uliofaa ulikuwa huu: iwashe, fungua ukurasa wa nguvu ya mawimbi kwenye skrini, sogeza antena kidogo, ngoja, soma mstari, sogeza tena. Macho yatangulie, masikio yafuate.

Ilikuwa pia na uchelewaji wake. Kupanda mpaka setilaiti na kushuka ni zaidi ya kilomita 71,000, na kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu robo ya sekunde, kabla hujaongeza muda wa kufunga na kufungua tarakimu. Mlio wa saa kamili kutoka kwenye redio hiyo haukuwa wa kurekebishia saa ya mkononi, ikiwa wewe ni mtu wa kujali sekunde.

Je, mvua na mawingu? Hapa dhana inayotokana na madishi ya televisheni inapotosha. Madishi mengi ya nyumbani hupokea karibu na megahezi 12,000, ambako mvua kubwa humeza mawimbi mpaka picha ikakatika. Kwenye megahezi 1,480 mvua karibu haifanyi kitu. Majani ni habari nyingine. Mparachichi uliotanda juu ya antena hupunguza mawimbi, na ukiloa huyapunguza zaidi, ingawa kiasi chake hutegemea mti wenyewe na unene wa majani, hivyo hakuna tarakimu moja ya kuitegemea. Mvuke na gesi za Nyiragongo si kizuizi kwa masafa hayo. Kwa majivu mazito yanayoanguka nisingeapa.

Kuna pia kisa cha anga ya juu. Katika nchi zilizo jirani na ikweta ya sumaku ya dunia, baada ya jua kutua, tabaka la hewa yenye chembe za umeme hukorogeka na kuyatikisa mawimbi ya masafa haya kwa saa chache, hasa miaka ambayo jua lina shughuli nyingi, kama ilivyokuwa 2000 hadi 2002. Jambo hilo limepimwa sana kwenye mawimbi ya GPS, ambayo yako megahezi 1,575, si mbali na haya. Inawezekana kabisa kwamba redio iliyokatika saa mbili usiku bila sababu ilikatwa na hilo. Inawezekana pia kwamba betri ilikwisha.

Swali la mwisho huja kutoka kwa wenye ndugu ughaibuni: je, akiniletea redio ya setilaiti kutoka Marekani, ambako bado zipo na zinauzwa na magari, itasema Goma? SiriusXM, kampuni ya redio hizo za Marekani, hutangaza kwenye masafa mengine, karibu megahezi 2,300, na kwa malipo. Lakini hata ukilipa, setilaiti zake zimekaa juu ya longitudo za Amerika, zaidi ya digrii 100 magharibi ya Goma, na setilaiti ya namna hiyo huonekana mpaka digrii 81 tu kila upande. Kutoka hapa ziko chini ya upeo wa macho, ng'ambo ya mviringo wa dunia. Kwa hiyo safari hii hata ukiitoa redio uani, kizuizi ni ardhi uliyosimama juu yake.