Msumbufu wa jumuiya: tunayodhani na yaliyo kweli

Kila jumuiya ndogondogo ya Kikristo huku Masasi ina msumbufu wake. Yupo anayefika nyimbo zimekwisha, yupo anayesali mpaka watoto wanasinzia, na yupo aliyeazima bomba la kupulizia salfa msimu wa mikorosho akalirudisha limeziba, kisha anakutakia amani ya Kristo kwa sauti kubwa.

Dhana: Mkristo aliyekomaa haudhiki.
Ukweli: Kuwavumilia wasumbufu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kiroho. Kama wasumbufu wasingeudhi, Kanisa lisingelitaja. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, aliishi na mtawa mwenzake ambaye kila kitu chake kilimchukiza. Hakungoja moyo ulainike kwanza. Kila alipokutana naye alimwombea, akamfanyia wema, na ulimi ulipomwasha alitabasamu. Hatimaye mwenzake akamuuliza ni kitu gani kinachomvutia kwake! Na siku uvumilivu ulipokwisha kabisa, Teresa alikimbia, na mwenyewe alijiita askari mtoro. Mimi hapo ndipo ninapompendea zaidi. Ukiona neno linakuja, chukua ndoo ukachote maji.

Dhana: Kumkubali ni kumnyamazia.
Ukweli: Mathayo 18:15 yasema ndugu yako akikukosa, uende ukamwonye mkiwa wawili peke yenu. Sisi huanzia kwenye kundi la WhatsApp. Bomba likirudi limeziba, mwambie mwenyewe. Ila anayekupiga, au anayekula fedha za kikundi, huyo si msumbufu tena. Apelekwe kwa viongozi au polisi, na asitokee mtu wa kumwambia aliyeumizwa abebe msalaba wake.

Dhana: Watawa wameepukana na haya.
Ukweli: Wamonaki Wabenedikto wako Ndanda tangu 1906, na nadhiri yao huwafunga kudumu katika jumuiya ile ile. Asiyejua kuimba utamsikia mpaka mmoja wenu azikwe. Sura ya 72 ya Kanuni ya Benedikto, mwongozo wa maisha yao, huwataka wachukuliane udhaifu, wa mwili na wa tabia pia.

Dhana: Mkiachana njia, imani imeshindwa.
Ukweli: Paulo na Barnaba waligombana kwa sababu ya Marko, kila mmoja akashika njia yake (Matendo 15). Baadaye Paulo huyo huyo anaagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa.

Dhana: Sala ya kumwombea ni "Bwana, mbadilishe."
Ukweli: Hayo ni mashtaka yaliyofungwa kwa amina. Mwombee haja zake yeye: korosho zake zipate bei mnadani, mtoto wake afaulu, mguu wake upone. Kama huzijui haja zake, itabidi umuulize, na siku hiyo usiwe na safari, maana ataongea.