Rutherfodini, urani ya manjano ya Uluguru, na mawe mnayoniletea Lindi

Tangu habari za urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo zilipoanza kuzungumzwa, kila jiwe la manjano huku kusini limepata bei. Mtu anatoka Ruangwa au Nachingwea na mfuko wake wa nailoni, anaufungua mezani: "Mtaalamu, hebu nitazamie hii, dalali kaniambia ni urani safi." Nikitazama, mara nyingi ni limoniti, yaani chuma kilichooza ndani ya mwamba, au ni jasi iliyoshika kutu. Urani ya manjano ipo kweli, na mojawapo ya aina zake adimu ilitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani kutokana na mawe ya nchi hii hii. Ila haifanani na hayo mnayoniletea.

Inaitwa rutherfodini. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald wa Berlin alichunguza madini ya urani yaliyotoka milima ya Uluguru, Morogoro, wakati huo ikiwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Huko Wajerumani walikuwa wakichimba ulanga (maika), na katika pegmatiti, yaani miamba ya fuwele kubwa kubwa, zile zile zenye ulanga kulikuwa na vipande vyeusi vizito vya uraniniti, ambayo ni oksidi ya urani. Baadhi ya vipande vilikuwa vimegeuka. Umbo la nje lilibaki lile la fuwele ya uraniniti, lakini mwili wake ulikuwa umekuwa kitu cha manjano kinachopukutika. Marckwald aliona kwamba ni kaboneti ya urani (kaboneti ni kundi la kaboni moja na oksijeni tatu), akaipa jina la mwanafizikia Ernest Rutherford, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Montreal, hajapata Nobel yake ya 1908 wala hajagundua kiini cha atomu.

Miaka mitatu baada ya hapo mifupa ya dinosaria ya Tendaguru ikaanza kuchimbwa hapa kwetu, nayo ikaenda Berlin. Mifupa hiyo kila Mlindi anaijua na kuidai. Kijiwe cha Uluguru sijasikia mtu akikiulizia.

Kikemia, rutherfodini ni rahisi kushangaza: atomu moja ya urani, oksijeni mbili zilizoshikamana nayo, na kaboneti moja. Basi. Urani peke yake ni asilimia 72 hivi ya uzito wote. Haina maji ndani yake, na hilo si la kawaida katika ukoo huu. Madini mengi ya manjano ya urani yana maji kwenye fuwele zake, na yakikaa kabatini katika hewa kavu yanayapoteza, yanapasuka na kubadilika. Otuniti ni mfano mzuri: ikikauka inageuka kuwa madini mengine yenye jina lake. Rutherfodini haina cha kukauka.

Kwa ndani imepangwa kama matabaka. Kila urani imekaa katikati ya oksijeni zake mbili, moja juu na moja chini, kwenye mstari ulionyooka. Jozi hiyo pamoja na urani yake ndiyo tunayoiita uranili. Pembeni, kwenye bapa la tabaka, urani imezungukwa na oksijeni sita za kaboneti. Tabaka na tabaka havikuunganishwa na kalsiamu wala shaba wala maji, vinashikana kwa nguvu hafifu tu. Ndiyo maana inaonekana kama nyuzi laini au unga, na ni nadra kupata fuwele ya kujivunia.

Sasa kwa nini ni adimu? Wengi hudhani ni kwa sababu urani yenyewe ni adimu. Hapana. Kwa wastani, tani moja ya mwamba wa kawaida wa ukoko wa dunia ina gramu mbili hadi tatu za urani, nyingi kuliko fedha mara kadhaa. Kilicho adimu ni mazingira yanayoiruhusu rutherfodini kuzaliwa na kubaki.

Urani ina hali mbili kuu za kemia ardhini. Ndani ya uraniniti, mahali pasipo na oksijeni, iko katika hali isiyoyeyuka kwa urahisi. Inaweza kutulia humo mamilioni ya miaka. Mwamba ukifika karibu na uso wa ardhi, maji yenye oksijeni yakapenya, urani inabadilika kuwa uranili, na uranili huyeyuka na kusafiri na maji. Hapo ni kama mwali aliyefikiwa na posa nyingi kwa siku moja. Fosfeti ikiwepo kwenye maji, inamchukua, na matokeo ni otuniti, au tobeniti ikiwa kuna shaba. Vanadi ikiwepo, tunapata kanotiti, ndiyo ile ya manjano inayopatikana kwenye ardhi ya chokaa ya Bahi na Manyoni. Silika nayo haiko mbali, nayo huzaa uranofani. Kaboneti hupata nafasi pale tu ambapo wale wengine hawapo au ni wachache.

Na hata wakiwa hawapo, kaboneti yenyewe ina masharti. Katika hewa ya kawaida, ambayo kaboni dioksidi yake ni karibu asilimia 0.04 tu, uranili huelekea zaidi kuwa hidroksidi zenye maji, kama skopiti. Rutherfodini inataka kaboni dioksidi nyingi kuliko hiyo. Hali kama hiyo inapatikana chini ya udongo, ambako mizizi inapumua na majani yanaoza. Lakini kaboneti ikizidi na maji yakawa ya alikali, urani inakamatana na kaboneti tatu kwa mpigo, inayeyuka kabisa na kuondoka zake. Kwa hiyo inatakiwa gesi ya kutosha, alikali kidogo, maji yasiyo mengi, na fosfeti na vanadi ziwe mbali. Nadhani hakuna madini mengine ya manjano ya urani yanayodai utaratibu kiasi hiki, ingawa najua wenzangu wa kanotiti watanibishia.

Nje ya Uluguru imeonekana sehemu kadhaa, ikiwemo Shinkolobwe huko Katanga, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya 1945. Huko Katanga kuna madini yaliyopewa jina jingine kabisa, diderikiti, kabla ya kubainika kwamba ni rutherfodini ile ile. Siku hizi wanaoitafiti kwa bidii ni watu wa taka za nyuklia, kwa sababu fueli ya vinu ni oksidi ya urani inayofanana na uraniniti, na ikizikwa ardhini kwa maelfu ya miaka inaweza kupita njia hii hii.

Tukirudi mezani kwangu. Ukiwa na kitu cha manjano, unakipimaje? Rangi haitoshi. Rutherfodini inaweza kuwa ya manjano iliyopauka, ya kahawia, nyeupe-nyeupe, hata yenye ukijani kidogo. Uzito unasaidia ikiwa umepata kipande kigumu, maana ni nzito mara 5.7 kuliko maji, wakati kwazi ni mara 2.65. Lakini ikiwa ni unga mwembamba juu ya jiwe jingine, mkono hauwezi kukuambia lolote. Asidi? Ukidondosha asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa maji, rutherfodini inatoa povu kwa sababu ni kaboneti. Lakini jiwe la matumbawe linalojengewa nyumba za Mikindani nalo linatoa povu, na linatoa kwa kelele zaidi. Kuna kijana aliwahi kuniletea kipande cha matumbawe chenye kutu, akawa ameshakimwagia asidi ya betri ya gari na kufurahia mapovu. Nilimwambia hiyo asidi ni hatari kwake kuliko jiwe.

Taa ya urujuanimno wengi wameisikia: eti urani ikimulikwa gizani inang'aa kijani. Otuniti inang'aa kijani kikali kweli. Tobeniti kwa kawaida haing'ai, shaba iliyomo inazima mwanga huo. Hivyo jiwe kutokung'aa hakulisafishi, na kung'aa hakuthibitishi, kwa sababu kalsiti nyingi na floriti nazo hung'aa bila chembe ya urani.

Kinachobaki ni kipima mionzi. Gramu moja ya rutherfodini ina urani ya kutosha kufanya atomu zipatazo 9,000 za urani-238 zivunjike kila sekunde. Idadi hiyo ni kubwa masikioni, lakini urani-238 inahitaji miaka bilioni 4.5 nusu yake iishe, kwa hiyo gramu yako haitapungua kwa kuonekana. Kila atomu inayovunjika inaanzisha mfululizo wa hatua kumi na nne, ukipitia radi (radiamu, si ile ya mvua) na gesi ya radoni, hadi kufikia risasi (madini ya ledi) ya aina isiyo na mionzi. Miale ya alfa inayotolewa na urani yenyewe inazuiwa na karatasi. Miale ya gama inayopenya, ile inayokifanya kipima kilalamike ukiwa umekishika mbali kidogo, inatoka zaidi kwa vizazi vya chini, yaani atomu zinazofuata katika mfululizo huo, hasa aina za bismuthi na risasi zenye mionzi zinazotokana na radoni.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa mawe hawalijui. Maji yanapobeba uranili na kuacha radi nyuma, madini mapya yanayozaliwa yanaanza bila vizazi hivyo vya chini. Radi ina nusu-maisha ya miaka 1,600, na kuirudisha tena kunahitaji muda mrefu sana. Gamba changa la manjano linaweza kuwa na urani nyingi na gama kidogo, na jiwe la pembeni lenye radi iliyoachwa likalia zaidi.

Hatari yake kwa mtu haiko sana kwenye kuishika kwa dakika mbili. Iko kwenye unga. Kitu kinachopukutika, kikivutwa kwa pumzi, kinapeleka alfa mahali ambapo hakuna karatasi ya kuizuia, na urani ni sumu kwa figo hata ukiacha mionzi kando. Kuisaga kwenye kinu, kuipuliza, kuionja ili kujua kama "ina ladha ya madini" (nimeona kwa macho yangu), ni mambo ya kuacha kabisa. Ukiiweka ndani ya kabati lililofungwa, radoni inajikusanya humo. Kipande unachokishuku kifunge kwenye mfuko, kikae nje ya chumba cha kulala, uwaarifu ofisi ya madini ya mkoa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Mawe ya mionzi hayauzwi kwa dalali stendi.

Uraniniti ile ya Morogoro ilikuwa na kazi nyingine kubwa, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kuanzia 1914 wakemia Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz, katika maabara ya Vienna, walipima uzani wa atomu za risasi zilizotoka kwenye madini ya urani. Mkemia Frederick Soddy alikuwa ndiyo kwanza ametoa wazo la isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzani tofauti, mwaka 1913, na lilihitaji ushahidi wa mizani. Risasi ya kawaida ina uzani wa takriban 207.2. Risasi iliyotengwa kutoka uraniniti ya Morogoro ilitoka karibu 206.05. Elementi ile ile, kemia ile ile, uzani tofauti. Fuwele za Uluguru zilifaa kwa sababu risasi yake ilikuwa karibu yote imezaliwa humo humo na urani, bila kuchanganyika na risasi ya kawaida. Horovitz aliuawa na Manazi huko Treblinka mwaka 1942.

Je, huku kwetu inaweza kuwepo? Pwani yote, kuanzia Kilwa hadi Mtwara, ni miamba michanga ya chokaa, mfinyanzi na mchanga, hapo sitatafuta. Mkuju ni mawe ya mchanga ya Karoo, yaani tabaka za kale za mchanga uliogandamana, na urani yake ilifika na maji, hadithi tofauti na ya pegmatiti. Ukienda bara, Masasi, Nachingwea na Ruangwa kwenye kinywe (grafiti), gnaisi zake, yaani miamba migumu yenye mistari, ni za Ukanda wa Msumbiji, ule ule unaopita Uluguru. Ningetafuta pegmatiti yenye mabamba makubwa ya ulanga, ndani yake kitu cheusi kizito chenye kung'aa kama lami, na kuzunguka kitu hicho gamba la manjano. Ukikuta la manjano peke yake bila cheusi, pegmatiti wala ulanga, lilete nitalitazama, lakini usije na matumaini ya kiwanja.