Kiswahili chako ni lugha ya pili halali chuoni: namna ya kukithibitisha kwa mtihani wa mtandaoni

Kila muhula unapokaribia kuanza napata ujumbe wa aina moja. Mwanafunzi amezaliwa Uvira au Fizi, amekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa yuko mwaka wa kwanza au wa pili katika chuo kikuu cha Marekani. Nyumbani kwao wanasema Kibembe au Kifuliru. Sokoni na kanisani, Kiswahili. Shule ya kambini ilifuata mtaala wa Kongo, kwa hiyo alisoma kwa Kifaransa. Leo anaandika insha zake kwa Kiingereza. Halafu mshauri wake wa masomo anamwambia kwamba bado ana deni la lugha ya kigeni, yaani sharti la chuo kwamba kila mwanafunzi asome lugha ya kigeni kabla ya kuhitimu, na kwamba njia ya kulilipa ni kujiandikisha darasa la Kihispania kwa mihula minne.

Jambo hili linaniuma, na ndiyo sababu nimeamua kuliandika kwa kirefu. Nafundisha Kiswahili hapa Marekani na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupima umilisi wa wanafunzi katika kuzungumza. Najua kwamba mwanafunzi wa namna hii anaweza, mara nyingi kabisa, kulimaliza sharti hilo kwa mazungumzo ya nusu saa. Na si mmoja wala wawili. Katika mwaka wa fedha wa 2016 Marekani iliwapokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, na mwaka wa 2023 zaidi ya 18,000. Miaka yote miwili Kongo iliongoza nchi nyingine zote. Watoto wa familia hizo ndio wanaoingia vyuoni sasa.

Mshauri anayemtuma mtu darasa la Kihispania kwa kawaida hana nia mbaya. Anatazama orodha aliyo nayo. Mitihani ya CLEP, ile inayompa mwanafunzi krediti (zile alama za masomo zinazohesabiwa kwenye shahada) bila kuhudhuria darasa, ina lugha tatu tu: Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Mitihani ya AP, ile ya kiwango cha chuo inayofanywa sekondari, inaongeza Kichina, Kiitaliano, Kijapani na Kilatini. Kiswahili, lugha ya mamilioni ya watu kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Kisangani, hakimo popote. (Ukiwa ulisoma kwa Kifaransa na bado unakisoma vizuri, fikiria CLEP ya Kifaransa pia. Si usaliti kwa Kiswahili. Ni krediti zako.)

Kabla hujalipa senti moja, uliza kwanza kama unahitaji mtihani. Vyuo vingi humsamehe sharti hili mwanafunzi aliyesoma sekondari kwa lugha isiyo Kiingereza, au mwenye cheti cha taifa kinachoonyesha kwamba aliifanyia lugha hiyo mtihani. Aliyemaliza kidato cha nne Kenya au Tanzania ana Kiswahili kwenye cheti chake, maana kote kuwili ni somo la lazima. Mwenye cheti hicho akipeleke kwanza ofisi ya msajili, ajibiwe. Wenye shida hasa ni wale waliofika wakiwa wadogo wakasoma sekondari hapa, na wale ambao vyeti vyao vilipotea njiani. Kwao mtihani ndio njia.

Mtihani ninaoupendekeza ni OPI, mahojiano ya umilisi wa kuzungumza yanayotumia vigezo vya ACTFL, chama cha Marekani cha walimu wa lugha za kigeni. Kiswahili kimo katika lugha zake, na vyuo vingi vinaufahamu hata pale ambapo hakuna mwalimu wa Kiswahili hata mmoja. Unafanyika kwa simu au kwa intaneti. Unazungumza na mtahini aliyefunzwa kazi hiyo kwa dakika kati ya 15 na 30, mazungumzo yote yanarekodiwa, kisha mpimaji wa pili anasikiliza rekodi na kutoa ngazi yake bila kujua ya mwenzake. Kwa sababu hiyo, kutikisa kichwa au kuonyesha kwa mkono hakukusaidii. Kisichosikika katika rekodi hakipo.

Ngazi zenyewe kwenye cheti zina majina ya Kiingereza: Novice, Intermediate, Advanced na Superior. Mimi huwaeleza wanafunzi hivi. Wa ngazi ya mwanzo anasema maneno aliyoyakariri. Wa kati anatunga sentensi zake mwenyewe, anauliza na kujibu, anaweza kununua na kuomba. Wa juu anasimulia na kueleza kwa aya nzima, kwa wakati uliopita, uliopo na ujao, na mambo yakiharibika ghafla anajua kujieleza hadi yatengemae. Wa juu kabisa anajenga hoja, anaitetea, na anazungumzia jambo ambalo halijatokea kama vile lingetokea. Ngazi tatu za kwanza zimegawanywa kila moja mara tatu. Vyuo vingi hutaka umilisi unaolingana na mihula minne ya darasani, na kwa kawaida hapo ni mahali fulani ndani ya ngazi ya kati. Mtu aliyekizungumza Kiswahili maisha yake yote anatakiwa avuke hapo bila shida.

Lakini wengine hawavuki kama inavyostahili, na sababu yake imenishughulisha kwa muda mrefu. Si uchache wa lugha. Ni adabu.

Kijana aliyelelewa vizuri, akihojiwa na mtu mzima asiyemfahamu, anajibu kwa ufupi. Anaamkia, anajibu alichoulizwa, ananyamaza, anasubiri. Kujieleza sana mbele ya mkubwa ni kimbelembele. Sasa mtahini anasema, "Hebu niambie kuhusu mtaa unaokaa." Kijana anajibu, "Ni mtaa mzuri, mwalimu. Uko karibu na kiwanda." Kimya. Mtahini anajaribu tena, "Ukoje?" "Umetulia tu." Sentensi zote ni sahihi, matamshi ni safi, ila rekodi inaonyesha mtu wa sentensi mojamoja, na mtu wa sentensi mojamoja ni wa ngazi ya kati. Mpimaji hana ruhusa ya kukupa ngazi kwa lugha anayodhani unayo.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu wazi: katika nusu saa ile, kusema kwa urefu ndiyo heshima. Mtahini amekaa pale akusikie. Ukiulizwa mtaa wako, mwingize mtaani. Anza na barabara anayoipitia, sema kuna nyumba za namna gani, nani wanakaa humo, asubuhi kunasikika nini, ulipohamia palikuwaje na leo pamebadilika nini. Unaona, ndani ya jibu moja umeshaeleza, umesimulia, umelinganisha zamani na sasa. Mtahini akitosheka atakukatiza mwenyewe, na akikukatiza usidhani umeharibu. Anapanda nawe ngazi nyingine, anatafuta mahali utakapokwama. Kukwama kupo kwa kila mtu, ndivyo mahojiano yalivyopangwa: lazima apate sakafu unayosimamia bila kutetereka na dari usiyoweza kuivuka.

Utapewa pia igizo. Kwa mfano, umeazima kompyuta ya rafiki ikakuharibikia mkononi, sasa mpigie simu umweleze. Hapo wengi wanaomba radhi mara moja wakamaliza. Omba radhi, ndiyo, kisha simulia ilivyotokea, pendekeza utakavyolipa, akikataa pendekeza lingine. Na ukifika maswali ya "ungekuwa meya wa mji huu ungefanyaje kuhusu kodi za nyumba?", usijibu "ningezipunguza" ukaishia hapo. Ningepunguza, kwa sababu gani, nani angeumia, fedha zingetoka wapi, na mtu anayepinga angesema nini. Kiswahili kina -nge- na -ngali- kwa kazi hiyo hasa, na vijana waliokulia hapa ndiyo viambishi wanavyovitumia kwa nadra kuliko vyote. Vizoee kwa kubishana. Kaa na mjomba au shangazi anayefuatilia habari, mchagulie mada ya siasa, mpinge.

Kuna swali jingine ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: "Je, Kiswahili chetu cha Kongo kitakubalika?" Kitakubalika. Kigezo ni kama mzungumzaji mwingine wa lugha anakuelewa bila kutaabika, na watu wa Bukavu wanaeleweka. Ila usisahau kwamba mtahini anaweza kuwa mtu wa Morogoro au wa Mombasa. Tumia Kiswahili kile ambacho ungemsemesha Mtanzania pale Kigoma, kile ulichokitumia kambini na polisi au na muuguzi. Wengi wenu mnacho tayari. Kinachodhuru zaidi ni kuruka kwenda Kiingereza kila neno linapopotea. Hapa tunasema nusu kwa nusu nyumbani, si kosa, lakini katika mahojiano kila mruko unahesabiwa kama pengo. Neno likikupotea, lizunguke: badala ya kusema "insurance", sema ile fedha unayoilipia gari kila mwezi ili likigongwa usaidiwe. Kulizunguka neno kwa ufasaha ni ushahidi wa umilisi.

Sasa jambo zito. Mtahini hujenga maswali juu ya maisha yako. Ukisema ulikulia kambini, swali linalofuata linaweza kuwa kwa nini mliondoka nyumbani. Huna wajibu wa kujibu. Hakuna krediti inayodai usimulie vita kwa mtu usiyemjua, kwenye simu, huku unarekodiwa. Sema kwa utulivu, "Hilo nisingependa kulizungumzia, tuzungumze jambo lingine," na mtahini aliyefunzwa vizuri atabadilisha mada pale pale. Haikupunguzii ngazi. Andaa mapema masimulizi mawili matatu ambayo unayamudu kuyasema: siku ya kwanza kazini, safari ya kwenda kumuona ndugu jimbo lingine, harusi iliyokaribia kuvurugika. Usiyakariri neno kwa neno, maana maneno ya kukariri yanasikika. Nimewahi kumsikiliza kijana mwenye lugha nzuri sana akinyamaza kabisa baada ya swali kama hilo, na dakika zilizobaki hakurudi tena. Tangu hapo hili ndilo ninalolitaja kwanza ninapomwandaa mtu.

Kuhusu mitambo sitasema mengi. Kwa krediti, vyuo kwa kawaida vinataka uwe na msimamizi, ama ofisini chuoni ama kupitia kamera. Kama nyumbani kuna watoto na televisheni, omba chumba maktaba ya chuo au kituo cha lugha. Panga tarehe mapema, kwani watahini wa Kiswahili si wengi kama wa Kihispania.

Lakini angalia jina lako. Hili limewaangusha watu kabla hata hawajasema "habari". Mkongo ana jina, ana "postnom" (jina la pili linalofuata lile la kwanza) na ana "prénom" (mara nyingi jina la ubatizo), na karatasi za kuhamishwa mara nyingi ziliyapanga hovyo: jina la baba limekuwa la mwisho kwenye hati moja na la katikati kwenye nyingine, au mawili yameunganishwa kuwa moja. Msimamizi analinganisha kitambulisho chako na jina ulilojiandikishia, na yasipofanana anaweza kukuzuia. Jiandikishe kwa jina lilivyo kwenye kitambulisho utakachokionyesha siku ile, herufi kwa herufi, hata kama limekosewa. Kisha hakikisha chuo kinalijua jina hilo hilo, la sivyo matokeo yatakuja yasipate pa kukaa.

Na usilipie mtihani kabla chuo hakijakuahidi kitu kwa maandishi. Mwandikie mshauri wako, nakala kwa idara ya lugha na kwa msajili. Jitambulishe, sema unazungumza Kiswahili na ungependa kukitumia kutimiza sharti la lugha. Kisha uliza mambo manne: kama wanakubali OPI ya ACTFL kwa Kiswahili, wanataka ngazi gani, kama ngazi hiyo inakuondolea sharti tu au inakupa krediti pia, na matokeo yatumwe kwa nani. Swali la tatu ndilo lenye fedha ndani yake. Kuondolewa sharti kunakuokolea muda. Krediti zinakuokolea muda na karo. Baraza la Elimu la Marekani, ACE, limeshatoa mapendekezo ya krediti kwa ngazi za OPI, hivyo wakikujibu kwamba hawajawahi kufanya jambo hilo kwa Kiswahili, wataje ACE kwa jina na uombe ombi lako lipelekwe kwa anayeshughulikia krediti za kujifunza nje ya darasa. Wakikaa wiki mbili bila kujibu, nenda ofisini mwenyewe ukiwa na barua hiyo mkononi.