Ambulensi ikiondoka bila mgonjwa

"Mwamwacha? Na gari mmekuja nalo la nini?"

Aliyeniuliza ni binti wa mzee mmoja kule Likoni, Mombasa, alasiri ya Ramadhani, majirani wamejaa kibarazani. Sikumlaumu. Mtu akipiga simu ya dharura hutarajia machela na hospitali.

Mzee tulimkuta amelowa jasho, mikono yamtetemeka, maneno hayashikani. Alichoma insulini wakati wa daku, kipimo kile kile cha siku zote, kisha akafunga. Sukari ilisoma 2.6, na chini ya 4 tayari imeshuka mno. Kumeza aliweza, ila kufungua hakutaka. "Baba, mgonjwa ana ruhusa, utalipa," bintiye akambembeleza, amemshikia kikombe cha maji yenye vijiko vinne vya sukari. Baada ya dakika 15 tukapata 4.9. Akala mahamri na mbaazi, tukapima tena, 6.8. Hapo alishaanza kutuuliza sisi ni wana wa nani.

Uingereza, tangu 2012, kuna mfumo wa alama wa kupima ukali wa hali ya mgonjwa. Hujumlisha kasi ya kupumua, oksijeni, presha, mapigo ya moyo, joto na fahamu. Jumla ikiwa ndogo, hatari ni ndogo. Ni chombo kizuri nami nakiheshimu. Lakini sukari haimo. Wala hakiulizi nani atalala na mgonjwa usiku.

Ndiyo maana swali langu kubwa huwa ni dawa: anatumia nini? Insulini yake nikiijua na chakula kimeingia, naweza kufikiria kumwacha. Akiwa anameza vidonge vya kisukari vya aina ya glibenklamidi, namchukua hata kama anacheka, kwani dawa hiyo hufanya kazi mpaka saa 24, na figo za mzee huichelewesha zaidi. Sukari hupanda kwa kikombe chako, kisha hushuka tena watu wamelala. Nilijifunza hilo kwa uchungu miaka ya mwanzo: tulimwacha mama mmoja akiwa mzima kabisa, usiku tukaitwa nyumba ile ile, hana fahamu. Alipona. Tangu siku hiyo sitoki chumbani kabla sijaziona pakiti za dawa kwa macho yangu.

Kwa mzee wa Likoni nilimpigia daktari, akapunguza insulini ya usiku na kumkataza kufunga mpaka aonwe kliniki. Nikampigia pia mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa ule. Tangu 2023 wahamasishaji hawa, kama 100,000 nchini Kenya, wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, nami naona hao ndio daraja letu. Bila mtu wa kubisha hodi kesho asubuhi, kumwacha mgonjwa ni kumtelekeza.

Lakini usiku ule ulikuwa wa binti. Nilimpa mashine ya nyumbani kwao apime mbele yangu. Mara ya kwanza tone la damu halikutosha, mashine ikagoma. Akavuta pumzi, akakikanda kidole cha babake taratibu, akajaribu tena.

7.1. Akanisomea kwa sauti, nami nikafunga mkoba.