Je, ni kweli betri ya sola iachwe iishe kabisa ndipo ichajiwe?

Hapana. Tena kama betri yako ni ya maji, ile nzito yenye vifuniko sita juu, kuimaliza kabisa kila usiku ni njia ya haraka ya kuiua. Nalisema bila kusitasita kwa sababu mimi mwenyewe niliamini kinyume chake, na nyumba nzima ikaishi kwa imani hiyo kwa miezi kadhaa.

Nilipofunga sola kwa mara ya kwanza nilikuwa na paneli mbili, inveta ndogo (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani) na betri moja ya maji, N200. Kila usiku tuliwasha taa, televisheni na feni mpaka inveta ilie na kuzima. Mlio ule niliuchukulia kama dalili njema: betri imemaliza chakula chake chote, kesho jua litaipakulia kingine. Aliyetaka kuzima mapema nilimkataza, nikihofu betri "itazoea" kufanya kazi nusu. Kabla ya mwaka kwisha, taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa haifiki mwisho. Nilidhani nimeuziwa betri mbovu, kumbe ilikuwa nzima siku niliyoinunua.

Imani hii ina asili yake, na asili hiyo si ujinga. Betri za zamani za nikeli na kadimiamu, zilizokuwa kwenye tochi za kuchaji na redio za mkononi, zilikuwa na tabia ya ajabu. Ukizitumia mara nyingi hadi kiwango kile kile kisha ukazichaji, volti ilianza kushuka mapema pale pale zilipozoeshwa kuishia, na kifaa kikadhani chaji imekwisha. Watu wakaita hali hiyo kumbukumbu ya betri, na dawa yake ilikuwa kuimaliza yote mara moja moja. Simu zilipoingia kwa wingi, baadhi zilikuja na betri za ndugu yake, nikeli na hidraidi. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ni mojawapo. Wauzaji wakatufundisha kuchaji saa nyingi kabla ya kuwasha simu mpya, na kusubiri iishe kabisa ndipo tuchaji tena. Simu zikabadilika, betri zikabadilika, ushauri ukabaki. Kisha tukauhamishia kwenye sola, mahali ambapo haukuwahi kuwa wa kweli hata siku moja.

Betri ya maji ina mabamba ya risasi, ile metali nzito, yaliyozama kwenye tindikali. Mfaransa Gaston Planté aliiunda mwaka 1859, na kanuni yake ni ile ile hadi leo. Inapotoa umeme, tindikali hushikana na mabamba na kutengeneza salfeti ya risasi, utando mweupe unaoganda juu ya bamba. Unapochaji, utando ule huvunjika, tindikali ikarudi kwenye maji na bamba likabaki safi.

Fikiria sufuria ya ugali. Ukipakua na kuiosha papo hapo, ukoko bado ni laini, unatoka kwa maji na kitambaa. Ukiilaza hadi asubuhi, ukoko umekauka, utausugua kwa nguvu na bado vipande vitang'ang'ania. Salfeti ya risasi iko hivyo hivyo. Ikiwa mpya ni punje ndogo laini, na umeme wa paneli unaiondoa bila taabu. Ikikaa, punje huungana, hukua na kuwa ngumu, na umeme wa paneli mbili hauwezi tena kuing'oa. Sufuria unaweza kuiloweka. Bamba la risasi huwezi.

Tuuendeleze mfano huu, maana unaeleza mambo mengi. Ukoko ukiwa mzito, kazi ni kubwa zaidi: ndiyo maana kutumia betri hadi tone la mwisho kunaumiza kuliko kutumia robo yake. Ukoko ukikaa muda mrefu, kazi ni kubwa zaidi: ndiyo maana betri iliyoisha saa tatu usiku na kusubiri jua la kesho, tena kesho yenye mawingu, inaumia mara mbili. Na kila kipande kisichotoka kinaipunguza sufuria. Baada ya miezi, sufuria ya kilo mbili inapika ugali wa kilo moja. Kwa nje betri ni ile ile, ina uzito ule ule, imeandikwa 200 ubavuni, lakini sehemu ya bamba inayofanya kazi imebaki kidogo.

Hapa pia ndipo penye siri ya betri ya gari. Mtu huuliza: mbona kwenye lori imekaa miaka minne, na kwangu imekufa ndani ya mwaka? Kwenye lori, betri hutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kuwasha injini, kisha dainamo hurudisha kile kidogo kilichotoka mara moja. Ni sufuria inayooshwa papo hapo, siku zote. Mabamba yake yametengenezwa mengi na membamba kwa ajili ya mshtuko ule mfupi, hayakutengenezwa kwa kazi ya usiku kucha. Betri za risasi zilizoundwa kwa ajili ya sola zina mabamba mazito zaidi, lakini nazo hazipendi kushushwa chini ya nusu.

Nusu hiyo ndiyo inayobadilisha hesabu ya mtu anayetaka kujitegemea kwa umeme. N200 ni ampea-saa 200 kwa volti 12, yaani takriban uniti 2.4. Ukiiheshimu, unachukua uniti 1.2 tu kwa usiku. Friji ndogo peke yake inaweza kumeza karibu yote. Na ule mlio wa inveta niliokuwa nausubiri? Inveta nyingi za bei nafuu huzima volti zikifika takriban 10.5, wakati betri imeshapita mbali sana na nusu. Mlio ule hautangazi kwamba kazi imekwisha salama. Ukiusikia, ukoko umeshaganda.

Betri zinazouawa mapema haziyeyuki angani. Risasi yake huenda kuyeyushwa upya, na si kila mahali panapofanya kazi hiyo pana usalama. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walilishwa sumu ya risasi na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu jirani na nyumba zao. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yao, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi iliyokuja kuendelea hadi Mahakama ya Juu. Kwa hiyo betri moja inayodumu miaka mitano badala ya mmoja si suala la mfuko wako peke yake.

Sasa betri ya lithiamu. Kinachotokea ndani yake ni kitu tofauti kabisa, na magari ya umeme ndiyo yaliyoishusha bei mpaka ikafika sebuleni. Kwa hesabu za kampuni ya utafiti ya BloombergNEF, pakiti ya betri iliyogharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti mwaka 2010 ilikuwa imeshuka hadi wastani wa dola 115 mwaka 2024.

Kwenye risasi, bamba lenyewe hugeuka kuwa kitu kingine kila usiku na kurudi kila mchana. Kwenye lithiamu, kuta hazigeuki. Chukulia gesti mbili zinazotazamana barabarani, na wageni, ambao ni ayoni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji, wanalala upande mmoja betri ikiwa imejaa na kuhamia upande wa pili ikiwa inatumika. Vyumba viko pale pale, wageni ndio wanaovuka. Gesti moja ni ya grafaiti, aina ya kaboni. Ile ya pili ndiyo inayotofautisha betri moja na nyingine.

Kwa miaka mingi ile ya pili ilijengwa kwa nikeli na kobalti. Ina vyumba vingi kwenye eneo dogo, hivyo gari linakwenda mbali, lakini ni jengo lenye wasiwasi: wageni karibu wote wakitoka, yaani betri ikijaa pomoni, sakafu zinaanza kucheza. Ndiyo sababu wenye magari hayo huambiwa wachaji hadi asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku. Tena kobalti yenyewe hutoka kwa sehemu kubwa Kongo, huko Lualaba na Haut-Katanga, kwenye miji kama Kolwezi ambako Kiswahili ni lugha ya mtaani. Mwezi Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wake nje kwa miezi kadhaa, na viwanda vya dunia vikashtuka.

Gesti ya aina nyingine imejengwa kwa chuma na fosfeti. Ilitoka kwenye maabara ya mwanasayansi John Goodenough huko Texas, Marekani, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997. Goodenough alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2019 akiwa na miaka 97, mshindi mzee kuliko wote. Mwanzoni watu wengi waliidharau, maana haikupitisha umeme vizuri mpaka unga wake ulipofanywa mdogo sana na kupakwa kaboni. Haina kobalti wala nikeli. Fosfeti hushikilia oksijeni yake kwa nguvu, kwa hiyo ni vigumu zaidi kulipuka moto, ingawa si kwamba haiwezi kuwaka kabisa. Kampuni ya magari ya BYD ya China ilileta betri yake ya Blade mwaka 2020, Tesla ya Marekani ikatangaza mwaka 2021 kwamba magari yake ya masafa ya kawaida yatahamia huko, na kufikia 2024 aina hii ilikuwa imechukua karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye masanduku mengi ya lithiamu yanayofungwa majumbani leo.

Sanduku la ampea-saa 200 la aina hii lina takriban uniti 2.5, na unaweza kuchukua mbili kila usiku bila kulidhulumu. Ni zaidi ya mara moja na nusu ya kile unachochukua kwenye N200, kwa uzito usiofika nusu. Watengenezaji huahidi mizunguko 3,000 au zaidi, ambayo ni zaidi ya miaka 8 ya usiku baada ya usiku. Lakini mizunguko hiyo huhesabiwa maabara, mara nyingi kwenye nyuzi 25, na chumba chenye paa la bati Tanga au Lamu si maabara. Joto huzeesha lithiamu ya kila aina. Magari ya kwanza ya Nissan Leaf, ambayo betri zake hazikuwa na mfumo wa kupozwa kwa maji, yalionyesha hivyo Arizona mwaka 2012, wamiliki walipoona masafa yakipungua mapema kuliko walivyotarajia. Weka betri mahali pa baridi zaidi ndani ya nyumba, hata kama waya itakuwa ndefu kidogo.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo linalonivutia kuliko yote. Betri hii nzuri kiasi hiki ni ngumu kuisoma. Ya risasi hujieleza: ikitulia, volti 12.7 imejaa, kama 12.1 iko nusu, chini ya 11.9 ni tupu. Ya fosfeti, kutoka robo tatu hadi robo, husogea takriban sehemu mbili za kumi za volti. Mita ya fundi haioni kitu.

Chemsha maji ya chai kisha uyapime joto. Yakiwa lita mbili, joto ni lile lile. Yakibaki kikombe kimoja, joto ni lile lile. Kipimajoto hakiwezi kukuambia maji yamebaki kiasi gani, kwa sababu maji na mvuke vipo pamoja, na kinachobadilika ni kiasi cha kila kimoja. Ndani ya unga wa fosfeti kuna hali mbili vivyo hivyo, sehemu yenye lithiamu na sehemu isiyo nayo, na betri inapotumika sehemu moja inakua na nyingine inapungua huku volti ikisimama palepale. Maji yakikauka ndipo sufuria inaungua ghafla. Betri nayo ikikaribia mwisho, volti huanguka kama jiwe.

Kwa hiyo kompyuta ndogo iliyo ndani ya sanduku haisomi, inahesabu: umeingia umeme kiasi gani, umetoka kiasi gani. Makosa madogo hujilimbikiza siku hadi siku, na mahali panapoaminika pa kuanza hesabu upya ni betri ikijaa hadi juu. Ndiyo maana Tesla huwashauri wenye betri za fosfeti wachaji hadi asilimia 100 walau mara moja kwa wiki, wakati wenye zile za nikeli wanaambiwa wasifanye hivyo kila siku. Kiwanda kimoja, magari yanayofanana, masharti yanayopingana, na yote mawili ni sahihi.

Masika yaliyopita nililiona hili nyumbani, kwenye sanduku la fosfeti lililochukua nafasi ya N200. Baada ya siku tisa za mawingu, betri haijawahi kujaa hata mara moja, kioo cha sanduku kilionyesha asilimia 34, na nyumba ikazimika tukiwa mezani. Hofu ya ile N200 ilinirudia. Jumamosi jua lilitoka kali. Kioo kilipanda taratibu hadi 61, kikakaa hapo, kisha kwenye saa nane mchana kikaruka hadi 100 ndani ya dakika chache, hesabu ikaanza upya. Usiku ule tuliwasha kila kitu, na asubuhi kioo kilisoma 58.