Mchango wa mbunge kuhusu tume huru ya uchaguzi: maana yake na nguvu yake

Mbunge anaposimama bungeni Dodoma akasema "Mheshimiwa Spika, nakushukuru kwa kunipa nafasi nami nichangie", anachotoa kinaingia kwenye Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, neno kwa neno. Huo ndio mchango. Unaweza kutolewa kwa mdomo, kwa dakika tano au kumi hadi kengele ilie, au kwa maandishi kupitia meza ya Katibu wa Bunge. Mchango peke yake, hata ukipigiwa makofi, haubadilishi herufi moja ya muswada. Unashawishi tu. Wapiga kura wengi huupima kwa ukali wa sauti, na hapo ndipo wanapopotea.

Kinachobadilisha sheria ni jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko ambayo mbunge anapendekeza kwa maandishi. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati ya kudumu. Miswada ya uchaguzi huenda kwa Kamati ya Utawala, Katiba na Sheria, ambayo huwaita wadau na kusikiliza maoni yao. Kazi kubwa hufanyika hapo, mbali na kamera, kwa sababu waziri bado ana nafasi ya kukubali mabadiliko bila kuonekana ameshindwa. Muswada ukisomwa mara ya pili, waziri anatoa hoja, kamati inasoma taarifa yake, wabunge wanachangia, waziri anajibu. Kisha Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima na kupitia kifungu kwa kifungu. Mbunge aliyewasilisha mapema kwa Katibu maandishi ya aina ya "kwa kufuta maneno haya na kuweka badala yake maneno haya" ndiye anayeweza kusimama na kupigania marekebisho yake. Aliyehutubia vizuri jana bila kuwasilisha chochote hana la kupigiwa kura. Baada ya hapo muswada unasomwa mara ya tatu, unapitishwa na kupelekwa kwa Rais.

Kwa tume ya uchaguzi kuna kikwazo kingine, nacho ni Katiba yenyewe. Ibara ya 74 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema mwenyekiti, makamu mwenyekiti na wajumbe wa Tume huteuliwa na Rais, na Mkurugenzi wa Uchaguzi huteuliwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ibara hiyohiyo inasema Tume hailazimiki kufuata amri ya mtu au idara yoyote ya serikali, wala maoni ya chama chochote cha siasa, na kwamba mahakama haina mamlaka ya kuchunguza jambo lililotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake. Ibara ya 41(7) inafunga mlango wa kupinga mahakamani matokeo ya Rais yaliyokwisha kutangazwa. Mbunge anayetaka mwenyekiti asiteuliwe na Rais, akapeleka marekebisho hayo kwenye muswada wa kawaida, ataambiwa yanapingana na Katiba, na ataambiwa kwa haki. Njia yake ni muswada wa kubadilisha Katiba chini ya ibara ya 98, unaohitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Baada ya uchaguzi wa 2020 chama cha upinzani cha CHADEMA kilibaki na mbunge mmoja tu wa jimbo, wa Nkasi Kaskazini. Hesabu hiyo inaeleza mengi kuliko hotuba yoyote.

Mfano mzuri ni wa karibuni. Novemba 2023 Serikali ilipeleka bungeni Muswada wa Sheria ya Tume ya Taifa ya Uchaguzi, na ukapitishwa Februari 2024. Ulipotoka kama Sheria Namba 2 ya 2024, jina lilikuwa limeongezwa neno "Huru". Sheria iliweka pia Kamati ya Usaili chini ya uenyekiti wa Jaji Mkuu, ya kuwachuja wanaoomba ujumbe wa Tume. Hilo ni badiliko la kweli na lisibezwe. Lakini mwenyekiti na makamu wake bado wanateuliwa na Rais, na ibara ya 74 haikuguswa. Kwa hiyo mchango uliodai jina ulifanikiwa, na ule uliodai kubadili mamlaka ya uteuzi wa mwenyekiti haukuwa na pa kushika.

Mchango wenye uzito unauliza mambo machache kwa majina na vifungu: nani anamteua mjumbe na nani anaweza kumwondoa, nani anasimamia uchaguzi jimboni, fedha zinatoka wapi na kwa idhini ya nani. Hilo la jimboni ndilo lililozua ugomvi mrefu zaidi. Wakurugenzi wa halmashauri, wateule wa Rais, walikuwa wasimamizi wa uchaguzi. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema hilo linakiuka Katiba, Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na Juni 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikaona kuna ukiukwaji. Mbunge aliyezisoma hukumu hizo tatu hawezi kujibiwa kwa neno "utaratibu".

Kwenye fedha wengi hukwama. Marekebisho yanayoongeza mzigo kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina yanazuiwa na ibara ya 99 isipokuwa pendekezo litoke kwa Rais na kuwasilishwa na waziri. Kwa hiyo mbunge hutumia bajeti: matumizi ya Tume yako Fungu 61 la bajeti, na hujadiliwa pamoja na ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Hapo anaweza kushika shilingi, yaani kutoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Mara nyingi shilingi hurudishwa kwa ahadi, na ahadi hiyo inabaki ndani ya Hansard. Mbunge makini huirejea mwaka unaofuata akitaja tarehe ya kikao.

Ukitaka kujua mbunge wako alifanya nini hasa, tafuta nyaraka tatu: muswada ulivyoingia, jedwali la marekebisho lenye jina lake, na sheria ilivyochapishwa. Hansard isome mwisho.