Nishati ile haikutoka kwenye bondi

Kila muhula nasahihisha madaftari, na kila muhula naikuta: “bondi (kifungo kati ya atomu mbili) ikivunjika, nishati hutoka.” Siku hizi imepata na ushahidi. Wanafunzi wakishafika kwenye ioni-radikali, yaani molekuli zenye chaji na elektroni moja isiyo na mwenzake, wananiletea tetrakloridi ya kaboni, CCl₄: molekuli imedaka elektroni, bondi ya C–Cl imekatika, joto limetoka. “Si unaona, mwalimu?”

Naona. Naona pia mstari wa hesabu mlioruka.

Kukata bondi moja ya C–Cl kwenye CCl₄, kila upande ukaondoka na elektroni yake, hugharimu kama kilojuli 295 kwa moli. Gharama hiyo haina msamaha. Atomu ya klorini iliyoachwa peke yake ikipokea ile elektroni ya ziada na kuwa Cl⁻, hutoa kilojuli 349. Toa 295, unabaki na hamsini na kitu. Hicho ndicho kilichotoka, na kimetokana na klorini kupata elektroni. Anayesema kimetoka kwenye bondi ni sawa na mwenye duka anayeita mauzo yote faida na mtaji hajautoa.

Haya, leteni kloromethani, CH₃Cl. Bondi yake ni kama 350, na klorini inatoa 349 zilezile. Faida imeyeyuka! Elektroni haikubadilika, klorini haikubadilika, ila bondi ni ngumu zaidi. Bondi ingekuwa ghala la nishati, ngumu ndiyo ingetoa nyingi. Imekuwa kinyume kabisa.

Kwa hiyo nitalirudia hili mpaka nistaafu: chora mzunguko wa hatua mbili, kukata kwanza, elektroni baadaye, na kila hatua iandikiwe alama yake ya kujumlisha au kutoa. Mishale ya rangi tatu haijawahi kumwokoa mtu aliyesahau alama. Na msinikimbilie na ATP, ile molekuli ya nishati ya seli. Kule nako bondi hukatwa kwa gharama. Kinacholipa ni bondi mpya zinazojengwa maji yakishaingia, pamoja na ioni kuzungukwa na maji.

Nyingine ninayoisikia ni kwamba ukiing'oa molekuli elektroni, bondi lazima ilegee. Inategemea umeing'oa kwenye obitali gani, yaani makao gani ya elektroni. Kukata bondi ya H₂ ni kilojuli 436 kwa moli, ya H₂⁺ ni kama 256. Hapo mko sawa. Lakini O₂ ni 498, na O₂⁺ inapanda hadi kama 643, bondi ikifupika kutoka pikomita 121 hadi 112, kwa sababu elektroni iliyoondoka ilikuwa kwenye obitali ya kupinga bondi, ile ambayo elektroni yake huidhoofisha bondi. Iongezee elektroni badala ya kuing'oa, ikawa superoksidi, O₂⁻, inashuka hadi karibu 395.

Kuhusu chaji: ioni-radikali chanya ikipasuka ndani ya spektromita ya masi, chombo cha kupima uzito wa ioni, chaji haipigiwi kura. Kwa kawaida hubaki na kipande chenye nishati ndogo ya uionishaji, yaani kile kinachong'olewa elektroni kwa gharama ndogo.

Mwisho, wale wanaodhani hesabu ikikubali basi molekuli inavunjika papo hapo. Kuna kizingiti. Ile CH₃Cl, ingawa hesabu yake ni karibu sifuri, elektroni za polepole haizidaki ila kwa nadra sana. Bondi inabidi irefuke kwanza. CCl₄ huzidaka mara moja. Kigunduzi cha kudaka elektroni alichobuni James Lovelock mwaka 1957 kinaishi kwa tofauti hiyo: mkondo wa elektroni hushuka CCl₄ inapopita, hata ikiwa chembe kidogo mno, na hidrokaboni za kawaida hupita bila kukitikisa.